Aliye na Asiye: Jinsi ya Kupunguza Mwangwi Tunaporekodi Homilia na Masomo

Siku hizi homilia ya Jumapili haiishii mlangoni mwa kanisa. Padre hajavua kasula sakristia, tayari kuna mtu ameituma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, na kabla ya saa sita mchana imeshamfikia kijana aliye chuoni Dodoma, shangazi aliye Mwanza na bibi wa Poli ambaye miguu haimruhusu tena kupanda mpaka kigangoni. Kwa kijana na shangazi hiyo ni nyongeza, kwa sababu huko waliko nako wamesali. Kwa yule bibi ndiyo homilia yenyewe. Hana nyingine.

Katika utume wa kutembelea wagonjwa pande za Usa River nilimkuta mama mmoja amelala, simu iko juu ya mto karibu na sikio lake, homilia inaendelea. Nilipomwuliza Padre amefundisha nini, akanijibu: “Frateri, sauti ni ya Baba Paroko, hiyo naijua. Maneno ndiyo siyapati.” Simu ilikuwa nzima na sauti ilikuwa kubwa vya kutosha. Upepo haukuwepo, wala bodaboda nyuma. Kilichokuwepo ni mwangwi. Kanisa zima lilikuwa limeingia ndani ya simu pamoja na padre: kuta, dari, vioo na sakafu.

Ndugu msomaji, makala hii ni ya yeyote anayeshika simu au kinasa sauti kanisani, awe frateri, katekista, kijana wa kwaya au mwanajumuiya aliyejitolea. Fizikia iliyomo ni ya sekondari, na vifaa vingi nitakavyovitaja mnavyo tayari nyumbani.

Kinachorudi

Aliyewahi kuingia ndani ya kreta ya Mlima Meru anaujua mwangwi ulio safi. Ukisimama nusu kilomita kutoka kwenye ule ukuta wa mwamba na kuita jina, jina linakwenda na kurudi kwa sekunde 3 hivi, kwa sababu sauti husafiri karibu mita 340 kila sekunde. Unasema, unanyamaza, mlima unajibu. Mlima una adabu, haukatizi mtu.

Kanisani mambo ni mengine. Tuseme ukuta uko mita 8 kutoka mimbarini. Sauti inaufikia na kurudi kabla sehemu ya ishirini ya sekunde haijapita, na sikio haliwezi kuitenga kama sauti ya pili. (Sekondari tulifundishwa kwamba ukuta sharti uwe mbali walau mita 17 ndipo mwangwi usikike peke yake.) Kabla haijafifia inagonga ukuta wa pili, sakafu, bati, kioo cha dirisha, na kila inapogonga inarudi tena. Muda si mrefu hewani kuna mamia ya marejeo ya silabi ileile, mithili ya waamini wanaosali Kanuni ya Imani kila mmoja kwa kasi yake. Wataalamu wa sauti huyapa mambo haya mawili majina tofauti. Huku kwetu yote ni mwangwi, nami nitayaita hivyo.

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana na jambo hili mapema. Katika kitabu chake juu ya nafsi, kitabu cha pili, sura ya 8, Aristotle anasema kwamba huenda mwangwi hutokea kila mara, ila si kila mara unasikika waziwazi. Anaulinganisha na mwanga: nao kama usingekuwa unarudi kutoka kwenye vitu, basi popote pasipopigwa na jua moja kwa moja pangekuwa giza. Mbele kidogo, katika sura hiyohiyo, anaitofautisha sauti ya usemi na kishindo kingine chochote. Kikohozi hutoka kooni lakini hakisemi kitu. Sauti ya usemi hubeba maana. Nilipousoma ufafanuzi huo mara ya kwanza niliuona mkavu. Pale Usa River niliuona ukifanya kazi: kishindo kilikuwa kimefika kwenye mto wa mgonjwa, maana ilikuwa imebaki njiani.

Kinacholiwa

Kiswahili kina uzuri ambao kwa jambo hili hugeuka udhaifu. Karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu. Irabu ni ndefu na ina nguvu. Konsonanti nyingi ni fupi na dhaifu, hasa f, h, s na t. Ndani ya jengo linalovuma, mkia wa irabu iliyotangulia huifunika konsonanti inayofuata. Kwa hiyo mwangwi hauli maneno sawasawa. Unaacha irabu, unakula konsonanti.

Sasa tazama ni herufi zipi zinazobeba uzito katika lugha yetu. “Aliye” na “asiye” zinatofautiana kwa herufi moja tu, tena iko katikati ya irabu mbili. “Hatutamwacha” na “tutamwacha” zinatenganishwa na “ha”, ambayo ni pumzi tu. Waraka wa Kwanza wa Yohane, sura ya 5, aya ya 12, unamzungumzia aliye naye Mwana na asiye naye, na jambo lenyewe ni kuwa na uzima au kuukosa. Msomaji mimbarini anaweza kuitamka aya hiyo kwa ufasaha kabisa, na rekodi ikamfikishia mgonjwa “a-iye” mbili zinazofanana. Mgonjwa atakisia. Akiwa mkatekumeni ambaye bado anajifunza, hana hata pa kukisia kutoka.

Mara nyingi nimesikia watu wakijitetea: “Mbona mimi nilikuwa benchi la tano na nilisikia vizuri?” Ni kweli alisikia vizuri. Ana masikio mawili, na kwa hayo akili inatambua sauti ya kwanza imetoka upande gani, kisha inayapuuza marejeo yanayoifuata mara moja. Mjerumani Helmut Haas aliupima uwezo huu katika tasnifu yake ya mwaka 1949. Tena huyo wa benchi la tano anaiona midomo ya padre. Simu haina macho, nayo iliyowekwa kwenye benchi husikia kama mtu wa sikio moja asiyechagua. Basi ushahidi wa rekodi ni rekodi yenyewe: vaa eafoni, sikiliza dakika moja kabla hujaituma.

Mito ya Sabine

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara, ndani ya jumba la makumbusho la Fogg, ambao haukufaa kwa mihadhara. Neno moja lilidumu hewani sekunde 5 na nusu hivi, yaani mwalimu alikuwa anamaliza sentensi huku mwanzo wake ukiwa bado unazunguka juu ya vichwa vya wanafunzi. Kazi ya kuurekebisha akapewa Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia, umri miaka 27. Vifaa vyake vilikuwa bomba la kinanda, saa, masikio yake, na ruhusa ya kuazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani uitwao Sanders. Mito hiyo ilipaswa kuwa imerudi mahali pake asubuhi.

Usiku baada ya usiku Sabine na wasaidizi wake walibeba mito, wakaipanga, akapiga bomba, akapima sauti inachukua muda gani kufa, wakaongeza mito mingine. Aligundua kwamba hata nguo alizovaa zilibadilisha vipimo, ikambidi avae mavazi yaleyale kila usiku. Ukumbi ulipojaa mito, zile sekunde 5 na nusu zilishuka mpaka moja na kidogo. Kutokana na ubebaji huo wa mito ilizaliwa kanuni ambayo wajenzi wa kumbi duniani kote wanaitumia mpaka leo: zidisha ujazo wa jengo kwa 0.16, kisha gawanya kwa jumla ya eneo linalomeza sauti. Dirisha lililo wazi huhesabiwa kwamba linameza yote, maana sauti ikitoka hairudi. Saruji, kigae na kioo humeza sehemu ndogo sana ya kila mia.

Tujaribu kwa kanisa la kufikirika, lenye ukubwa unaofanana na mengi ya kwetu: urefu mita 30, upana 14, kimo 7. Ujazo ni mita za ujazo 2,940. Kuta, sakafu na dari kwa pamoja ni mita za mraba 1,456. Tukisema kwa wastani zinameza asilimia 5, tunapata mita za mraba 73 hivi. Fanya hesabu: sekunde 6.4. Hilo ni kanisa tupu. Sasa ingiza waamini 400. Mtu aliyekaa humeza takriban nusu mita ya mraba, kwa hiyo tumeongeza 200, na sekunde 6.4 zimekuwa 1.7. Mwezi wa Julai, Arusha ikiwa kwenye baridi yake na watu wamevaa makoti, zinapungua zaidi kidogo.

Yaani kifaa kikubwa kuliko vyote cha kumeza mwangwi kanisani ni waamini wenyewe. Kwa hiyo kurekodi masomo Jumamosi usiku kanisa likiwa tupu, “ili pawe na utulivu”, ni kuchagua utulivu wa aina mbaya. Kelele za watoto wachanga katika Misa ya pili zina madhara machache kwa maneno kuliko utulivu huo.

Hapa nina neno kwa kamati za ujenzi. Makanisa mengi ya zamani yalikuwa na matofali ya matundu juu ya kuta na dari za ubao laini. Hayakupendeza sana, lakini matundu yalitoa sauti nje na ubao uliimeza. Tunapoziba matundu, tukaweka madirisha ya alumini na vioo, kisha dari ya jipsamu iliyopakwa rangi vizuri, tunapata jengo jipya la kupendeza lenye sauti mbaya kuliko la zamani, halafu tunachanga tena kununua spika kubwa zaidi. Spika kubwa haipunguzi mwangwi hata kidogo. Inaukuza pamoja na sauti. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma, namba 311, yanataka waamini waweze kumsikia padre na wasomaji bila shida, kwa msaada wa vyombo vya kisasa. Siku ya kuchagua dari, mtu mmoja kwenye kamati aulize swali hilo. Na Jumapili hii, kabla ya gharama yoyote, fungueni madirisha.

Karibu kwanza

Tukirudi kwenye kurekodi, jambo la kwanza kabisa ni umbali, nalo halina gharama. Sauti inayotoka kinywani moja kwa moja hupungua kadiri unavyorudi nyuma, lakini mwangwi umejaa jengo zima karibu sawasawa. Kwa hiyo kuna mpaka ambapo vitu hivi viwili vinalingana. Ukiuvuka, unarekodi jengo kuliko mtu. Katika lile kanisa letu la mfano, kwa mtu anayesema bila spika, mpaka huo uko mita 1.2 hivi kutoka kinywani likiwa tupu, na mita 2.4 hivi likijaa. Mtu anayeweka simu kwenye benchi la tatu yuko mita 8. Hata akinunua simu ya milioni mbili, bado yuko mita 8.

Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya moja kwa moja huongezeka kwa desibeli 6 huku mwangwi ukibaki palepale. Kutoka sentimita 80 hadi 20 unapunguza kwa nusu mara mbili, basi unapata desibeli 12, faida ambayo hakuna programu ya kompyuta itakupa bila kukutoza kitu kingine. Sentimita 20 ni kama shubiri moja. Wasomaji wetu wengi huogopa kipaza sauti na kusimama nyuma yake hatua nzima, kana kwamba kitauma. Wafundishwe kupima shubiri kati ya kinywa na kipaza sauti, na kukielekeza pembeni kidogo ili p na b zisipulize.

Kinachofaa zaidi kwa homilia ni kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, kifuani. Kama hakipo, mwombe fundi mitambo waya kutoka kwenye miksa moja kwa moja hadi kwenye simu. Hapo sauti haijapita hewani, zaidi ya ile shubiri ya mimbarini. Kama hata waya haupatikani, weka simu mita moja mbele ya spika moja, si katikati ya kanisa. Itakuwa sauti ya spika, lakini konsonanti zitakuwepo. Angalia tu isiwe karibu mno mpaka sauti ikakwaruza.

Halafu kuna mwangwi wa kutengenezwa. Miksa nyingi zina kitufe cha kuongeza mwangwi, na mafundi wetu wanakipenda, kwa sababu kwaya ikiimba nacho inapendeza. Wimbo wa katikati ukiisha kitufe kinabaki kimewashwa, na Injili inasomwa kama tangazo la mkutano wa hadhara uwanjani. Nimeshaona kanisa likilaumiwa kwa mwangwi ambao wote ulikuwa unatoka kwenye kidude cha ukubwa wa ukucha. Kabla hujanunua chochote, kitazame hicho.

Vitu laini

Si kila kinachorekodiwa hurekodiwa ndani ya Misa. Tunarekodi tafakari za Kwaresima, mafundisho ya ndoa, novena, matangazo. Kwa hizo una uhuru wa kuchagua mahali, na hapa ndipo mito ya Sabine inapotufaa.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, kimo 3, kitupu: kwa kanuni ileile ni karibu sekunde 1.7. Ingiza godoro lililosimamishwa ukutani, mablanketi mawili mazito, pazia na nguo zinazoning’inia, unafika kama nusu sekunde. Blanketi lisibandikwe ukutani. Liache sentimita 10 au zaidi mbele ya ukuta, kwa sababu hewa iliyogusana na ukuta haitembei, na kitambaa humeza sauti pale hewa inapopita ndani yake. Shuka jepesi la Kimasai halitoshi. Linameza sauti nyembamba tu na kuacha nzito, nawe unatoka na sauti ya mtu aliyeingia pipani. Magunia ya kahawa yaliyojazwa nguo kuukuu yanafanya kazi nzuri sana ya kona za chumba, na huku Tengeru magunia si kitu cha kutafuta.

Treya za mayai, ambazo studio nyingi za mitaani zimejibandikia, zina sifa kubwa kuliko kazi. Ni karatasi nyembamba. Zinatawanya kidogo sauti za juu, hazigusi uzito wa irabu, na moto ukitokea zinawaka haraka. Ukiwa na treya hamsini, ziuze ununue godoro.

Bila kubeba chochote, kuna sakristia. Kabati zikifunguliwa, kasula na alba zinazoning’inia ni pazia zito kuliko lolote la studio. Simama ukizielekea, simu ikiwa kati yako nazo. Gari lililoegeshwa nalo ni chumba kizuri, lina viti laini na halina kuta mbili tupu zinazotazamana. Na kuna migomba. Katikati ya shamba la migomba hakuna ukuta wa kurudisha kitu, shida ni upepo na ndege. Funika kipaza sauti kwa soksi nene na usogee karibu zaidi. Msimu wa masika usihangaike na jengo la bati hata kidogo.

Kwa vipindi vya mtandaoni, mwangwi mara nyingi si wa chumba. Ni sauti ya spika ya mmoja inayoingia kwenye kipaza sauti chake na kurudi kwa wengine. Avae eafoni. Wawili wakiwa chumba kimoja, mmoja azime vyote.

Watu wa kwaya watauliza: je, si mwangwi unaoifanya sauti nne ipendeze? Ndiyo. Uimbaji wa kanisa umekulia ndani ya majengo yanayovuma, na kwaya iliyorekodiwa chumba kikavu kabisa huonekana imechoka. Lakini mwangwi ni kama chumvi: kuongeza unaweza saa yoyote, kuitoa kwenye mchuzi ni kazi nyingine. Rekodi kwa ukavu, ongeza baadaye, na ongeza kwa kwaya tu.

Programu nazo zipo. Audacity ni ya bure, ina sehemu ya kupunguza kelele, ila hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kelele isiyobadilika kama ya feni au jenereta. Mwangwi ni maneno yaleyale ya padre, haiwezi kuyatenga. Sasa kuna zana za akili mnemba zinazosafisha mwangwi kwa kiasi cha kushangaza. Ninazitumia kwa tahadhari, kwa kuwa zinafanya kazi kwa kukisia: pale konsonanti ilipopotea, chombo huweka kinachoona kinafaa. Chombo kikiweka l palipokuwa s, nimekwisha kukuonyesha matokeo yake. Rekodi iliyosafishwa hivyo isikilizwe yote na mtu aliyekuwepo, Biblia mkononi, kabla haijatumwa.

Jaribio la wiki hii

Mtu mmoja asimame mimbarini na kusoma maneno haya kwa mpangilio anaoutaka, kila neno ndani ya sentensi fupi: aliye, asiye, hatutaki, tutaki, anafaa, anakaa, amesali, amekali, tusamehe, tulisamehe. Mengine si maneno kamili, ni makusudi, ili msikilizaji asikisie. Rekodi mara tatu kwa simu ileile: shubiri moja, mita 1, benchi la tano. Mara ya kwanza kanisa likiwa tupu. Rudia baada ya Misa, kabla watu hawajatawanyika. Kisha mpe rekodi mtu ambaye hakuwepo, mzee wa jumuiya ikiwezekana, asikilize kwa simu yake mwenyewe na kuandika anachosikia. Hesabu konsonanti alizokosa kwa kila umbali, na ubandike karatasi hiyo mahali fundi mitambo anapokaa.